Maji Tuliyoyakemea Njiru

Asubuhi tuliyofungiwa kisima naikumbuka vizuri, mwanangu, na nitakusimulia, kwa sababu tangu uingie hapa hujamaliza hata kikombe cha chai na tayari umelalamikia kazi, nyumba, mvua na Mungu mwenyewe. Kazi hiyo ya Komarock ulifunga na kuomba uipate. Leo unaniambia lazima kuna njama, eti mbona walikuajiri haraka hivyo. Hebu kaa.

Tulikuwa ndio tumehama mtaa wa Jericho. Baba alifanya kazi kiwanda cha sabuni, akajinyima mpaka akapata kijiploti huku Njiru, akatujengea nyumba ya mabati. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, kwa hivyo kuchota maji kulikuwa kwangu. Njiru ya wakati huo haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, gambuti linabaki matopeni na mguu unatoka peke yake. Mama hakupapenda hata kidogo. Kule Jericho alikuwa akiuza dagaa wa omena sokoni, na mfereji wa maji ulikuwa karibu na mlango. Kila akisonga ugali alirudia yaleyale: kule tulikuwa na maji, kule tulikuwa na watu, huyu mzee ametuleta porini tufie hapa. Alikuwa amesahau kwamba kule tulilala sote chumba kimoja, na kwamba ni yeye aliyemsumbua Baba tutoke.

Shida kubwa ilikuwa maji. Wauza maji wa mikokoteni walishindwa kupita kwenye matope. Basi kila jioni kwenye maombi Mama alipiga magoti, akamlilia Mungu atupe maji. Haikuchukua muda jirani yetu akatuita. Aliitwa Bi Zuhura, mjane Mwislamu wa kutoka Mombasa, na uani kwake kulikuwa na kisima. Akasema tuchote tutakavyo, bila kulipa chochote.

Bure? Nairobi hii? Mama aliyaonja yale maji. Yalikuwa na chumvichumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya huku. Akanitazama.

"Haya maji yako na kitu," akasema. "Mtu hawezi kukupea maji hivihivi. Anataka ploti yetu, ama anataka watoto."

Nami nikaanza kuchunguza. Mbona Bi Zuhura alinong'ona kabla ya kuteremsha ndoo? Mbona alikataa hata mkebe wa omena tuliompelekea? Ukishaamua kushuku, mwanangu, hata mtu akipiga chafya unaona ana lake jambo.

Lakini maji tulikuwa tunayahitaji, kwa hivyo Mama akapata njia. Kila nikirudi na mitungi aliipanga mlangoni, akaiwekea mikono, akakemea kwa sauti yote aliyopewa. Pepo lililotumwa ndani ya maji haya, shindwa. Mchawi aliyelituma, shindwa. Mimi naitikia amina. Kisha tunayachemsha, tunakunywa. Na kati yetu na Bi Zuhura palikuwa na ua wa mabati tu.

Asubuhi hiyo sasa nikakuta kufuli kwenye mlango wa ua wake. Nilirudi na mitungi mitupu. Nyumbani hatukuwa na tone, na ndugu yangu mchanga alikuwa akiharisha tangu jana yake. Mama akaanza, "Si niliwaambia? Sasa anataka tukufe." Baba ndio kwanza ametoka zamu. Alivaa gambuti akaenda kubisha, nasi nyuma yake.

Bi Zuhura alifungua, lakini hakutukaribisha.

"Baba Nekesa," akasema polepole, akimwita Baba kwa jina langu, "kisima hiki alikichimba marehemu mume wangu. Aliniusia maji yake yasiuzwe, yawe sadaka, ili thawabu zimfikie huko aliko. Kila nikitia ndoo nasema bismillahi, namwombea. Na kila asubuhi nasikia mimi na yeye tukiitwa wachawi. Sikufunga ili mfe kwa kiu. Nimefunga kwa sababu nimechoka kulia."

Baba aliinamisha kichwa, akamwomba radhi. Kisha akamgeukia Mama, na sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

"Kila jioni unamwomba Mungu maji," akamwambia. "Akikuletea, asubuhi unamwambia ashindwe."

Mama alikaa palepale kwenye matope, akalia. Bi Zuhura alifungua kufuli, akateka maji, akanywa yeye kwanza, halafu akampa. Mama alikunywa bila kuyachemsha wala kuyakemea. Mtoto naye alipona, na aliyekuwa akimkorogea maji ya chumvi na sukari alikuwa Bi Zuhura.

Jioni ile Baba alitusomea habari za wana wa Israeli jangwani. Nilizisikia tangu Sunday school, nikiwacheka. Bahari imepasuliwa mbele yao, mkate unawashukia kila asubuhi, nao wanatamani vitunguu vya Misri na kusema wameletwa jangwani wauawe. Siku hiyo sikucheka. Manung'uniko yao hayakuwa ya njaa tu. Walimshuku Mungu, wakadhani kila anachowapa kina mtego ndani.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kushuku watu. Mtu akikupigia simu akwambie umeshinda zawadi, kata. Mimi mwenyewe bado huhesabu chenji mara mbili. Lakini ulichokiomba kwa machozi kikija, usikitafutie kasoro kabla hujasema asante, na usimchafulie jina aliyetumwa kukuletea. Anaweza kuwa anaomba kwa namna nyingine, na ana moyo kama wako.

Kesho amka mapema uende Komarock, umsalimie vizuri huyo bosi unayemwogopa. Mungu akujibu kila unapomwita, mwanangu, na siku akikujibu usimfukuze mlangoni.