Fomu Niliyoiacha Fukayosi

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nasomea shahada ya pili ya sosholojia Dar es Salaam, wala sikuwa na nia ya kuchunguza habari za wanawake. Niliyataka mambo makubwa: vijiji vya ujamaa, mavuno, korosho. Nilizaliwa mji wa kale wa Bagamoyo, nikajiona nawajua wanawake wa pwani kwa kuwa nilikuwa mmoja wao.

Fukayosi nilifikia kwa mwenyekiti wa kijiji. Fomu yangu ya utafiti ilikuwa na mstari wa "Mwenye shamba", na kila nyumba alijibu mwanamume. Nilikuwa mtu wa haraka, naandika nimesimama, nikiiwazia nyumba ya mbele kabla sijaaga niliyomo. Nilipomaliza nikamwachia mwenyekiti nakala, nikarudi chuoni.

Baada ya miezi miwili nilirudi kuhakiki majibu. Mama mmoja wa makamo akanisimamisha njiani. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, kisha, bila kuniuliza habari za nyumbani, akasema, "Wewe ndiye uliyeandika kuwa mikorosho ni ya mume wangu?"

Mumewe alikuwa amempa talaka. Yeye alidai mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake, maana kwao ardhi ni ya ukoo lakini mti ni wa aliyeupanda. Wazee walikuwa wakielekea kumkubalia, mpaka mwenyekiti alipoitoa karatasi yangu yenye muhuri wa chuo.

"Siku ile nilikuwa uani natwanga," akasema. "Ulinisikia. Hukuniita."

Ni kweli, nilimsikia.

Niliomba wazee wakae tena. Nikasema mbele yao kwamba fomu ina kosa, na kosa ni langu. Mwenyekiti, mtu mpole, akanijibu, "Binti yangu, tukiifuta hii moja, hizo nyingine tuziamini vipi?"

Mama yule akapewa mikorosho michache ya mpakani, iliyobaki ikawa ya mume. Akahamia kijiji cha Kerege, kwa kaka yake.

Niliporudi chuoni nikawa situlii. Niliandika sura ya kwanza ya tasnifu nikaichana, nikaiandika tena nikaichana. Chakula nilikiacha sahanini. Mwisho nikamwambia mwalimu wangu naacha korosho. Nataka kujua nani huhesabiwa kuwa mwenye mali, na nani haulizwi.

"Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba," akasema.

"Fomu yangu iliingia humo ndani, mwalimu, ikamtoa mtu."

Akaniambia nitafute msimamizi mwingine. Nilimpata, baada ya kuhangaika muhula mzima.

Ndipo nikaenda Kerege. Mama yule alikuwa akipalilia muhogo wa kaka yake. Nikamwomba radhi, nikamwambia nataka kuanza upya, na nianze na yeye. Hakusema kama amenisamehe. "Weka kalamu kwanza," akasema, akanipa jembe.

Tulipalilia hadi adhuhuri, malengelenge yakanitoka viganjani. Tulipokaa kivulini akaanza kusema, lakini si habari za mume wala mikorosho. Alinisimulia mama yake mzazi, aliyewahi kuondoka shambani kwake hivyo hivyo, na watoto wawili mkononi. Nilisikiliza bila kuandika neno. Kesho yake nikarudi.