Uso wa Scolastica kwenye simu ndogo

Saa nne asubuhi jua la Mikumi limeshaanza kuchoma. Tumwagile Mwaisaka, mpiga picha wa miaka arobaini na moja, anatoka kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu akiwa na simu mbili, yake na ya mteja. Anazilaza juu ya mfuniko wa ndoo, anaziinamia na kukunja uso. Fundi pikipiki wa jirani humtania kila siku kwamba anaanika simu kama dagaa.

Leo utani haujibiwi. Kwenye benchi ameketi mzee Nyanda, mfugaji wa Masanze aliyekuja kwa basi la alfajiri. Mkewe, Scolastica, alifariki Juni baada ya kuugua wiki moja tu. Ameacha picha moja. Binti yao Agness aliipiga sikukuu ya Pasaka kutoka ndani ya nyumba, mama yake akiwa amesimama mlangoni, nyuma yake shamba la mahindi likimeremeta kwa jua.

Kwenye simu kubwa ya Agness, Scolastica anaonekana hadi mwanya wa meno. Lakini Agness ameolewa mbali na simu yake amekwenda nayo. Kwenye simu ndogo ya mzee, ile anayochunga nayo ng'ombe, picha aliyotumiwa ni weupe wa shamba na kivuli cha mtu asiye na uso.

"Nilidhani simu imekataa kunionyesha," anasema Nyanda taratibu.

Simu haijakataa, jamani, imezidiwa. Tumwagile anamweleza mzee kwamba simu mpya hupiga picha kadhaa kwa mpigo, nyingine za mwanga na nyingine za giza, kisha huziunganisha ziwe moja. Kioo kizuri hubeba mwanga wote huo. Kioo kidogo cha bei nafuu hakiuwezi, na ukiwa juani ndiyo kabisa. Lazima kitu kipunguzwe, na hapo ndipo kazi ilipo.

Kazi hiyo alijifunza kwa aibu. Miaka miwili iliyopita familia moja ya Lumuma ilimletea picha ya baba yao aliyefariki. Tumwagile aliitengeneza kwenye kompyuta, ndani ya kibanda, mapazia yamefungwa. Ilipendeza kweli. Akaituma bila kuijaribu kwingine, na siku ya mazishi akaenda mwenyewe kupiga picha. Simu ya mjane ikapita mkono kwa mkono uani, jua la mchana likiwaka. Watu wakaona shati jeupe, na juu yake giza.

"Yule mama aliniuliza, uso wake uko wapi? Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Tumwagile. Roho inamuuma mpaka leo.

Tangu hapo haamini kompyuta yake. Kwa wiki hupata wateja kama kumi na wawili, wengi wa picha za pasipoti, na picha ya marehemu inaweza kumlia siku nzima. Kila anapobadilisha kidogo hutoka nje na kuitazama juani, kwenye simu ya mwenyewe. Ukizidisha mwanga, ngozi inapauka na marehemu anakuwa mtu mwingine.

Mara ya sita anarudi kwa mzee akiwa amekata tamaa. Amejaribu kuyaokoa mahindi na uso kwa pamoja, na vyote vimekuwa kama vumbi. Anamuuliza, kwa unyenyekevu, kama anaruhusiwa kulipoteza shamba pichani. Mzee ameshamwambia kwamba Scolastica alililima kwa mkono wake.

Nyanda anamjibu.

"Shamba ninalo, mwanangu, naliona kila siku. Yeye simuoni."

Tumwagile anaingia ndani. Anakata picha karibu na mabega, anauacha mlango uwe weupe mtupu, anauinua uso polepole. Akitoka, anamkabidhi mzee simu palepale juani.

Nyanda anaikinga kwa kofia, kisha anaiondoa kofia. Mwanya unaonekana. Analia bila kujificha, na fundi pikipiki anazima injini aliyokuwa akiijaribu.

Faili la picha ya yule baba wa Lumuma Tumwagile hakulifuta. Jumamosi anafunga kibanda na kupanda basi kumtafuta yule mjane. Picha hajaigusa bado.

"Safari hii sitaanza na picha," anasema. "Nitaanza kwa kumwomba mama simu yake, tutoke nayo uani."