Kikombe cha Kwanza

Mama alitulea kwa kupika chang'aa. Kikombe cha kwanza alikimwaga chini kila mara, akisema ni cha wazee waliotangulia. Hapa Birmingham, kaka yangu akaanza kupika wiski jikoni mwetu, Perry Barr, na kuihifadhi kwenye chupa zenye vipande vya mti wa mwaloni ili ipate rangi. Nikamwambia amwage kikombe cha kwanza. Akanikemea: yeye ameokoka, hawezi kulisha mizimu. Ameokoka, na pombe anapika! Akakinywa chote, mbishi yule.

Hospitalini daktari alituambia sumu hukaa katika kile kinachotangulia kutoka pombe ikipikwa. Macho ya kaka hayakuona tena.

Chupa nyingine bado ziko kabatini. Juzi, nikimvisha viatu twende kanisani, aliniuliza kama rangi imekolea.