Jina Ambalo Mama Hakulitamka

Nikifungua kanga iliyofukizwa udi, hunijia asubuhi yangu ya kwanza kwenye chuo cha Kurani, hapa Maskati, tulipokuwa wageni kutoka Unguja, na moyo hujaa shukrani. Nilikuwa mtoto wa kuogopa kukosea, na bado niko hivyo. Siku ile nilikosea jina langu mwenyewe.

Maalima, mwalimu wetu wa kike, aliita, "Salma." Wakaitika wasichana kadhaa. Mimi nilinyamaza. Nilipewa jina la bibi mzaa baba, na mama, kwa heshima, hakulitamka jina la mkwewe; nyumbani nikiitwa Bibi tu.

"Amebaki Salma mmoja," alisema maalima, akinitazama.

"Mgeni hajui hata jina lake," msichana mmoja akanicheka. Nikaanza kulia, nikidhani nitarudishwa nyumbani.

Bibi yangu huyo mzaa baba, aliyenileta, alikuwa bado mlangoni. Akaja kuketi mkekani ubavuni mwangu, buibui lake likinukia udi.

"Jina ni langu, nimempa huyu," alimwambia maalima. "Maana yake salama, na salama tumefika. Mkwe wangu ananistahi, ndiyo maana mtoto hajalizoea. Mwite tena, mwanangu."

Maalima akaita. Wenzangu wakanyamaza. Bibi, aliyelibeba jina lile umri wake wote, naye alinyamaza, akaniachia niitike mimi.