Sufuri Nilizoandika Gatuanyaga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa kidato cha pili, na niliajiriwa kama adhabu. Mwalimu wa Jiografia alinipata nikiigiza mwendo wake, akanikabidhi daftari la mvua. "Mdomo unao. Sasa tumia macho."

Nyinyi mnaorithi kazi hii, sikizeni. Kipimamvua ni mkebe wenye faneli. Saa tatu asubuhi unamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, unachuchumaa jicho liwe sawa na maji, unaandika milimita. Ukikosa hata tone, andika sufuri. Kama hukuenda, piga kistari. Kistari ni kukiri ulilala.

Mimi wikendi nilikuwa nalala, na Jumatatu najaza sufuri. Kijijini kwetu Gatuanyaga ni kukavu, nani angejua? Jumatatu moja nikakuta mkebe umejaa. Kuandika kungeonyesha sikuja Jumamosi, kwa hivyo nikamwaga.

Muhula uliofuata akaja mtafiti wa mvua kubwa kutoka chuo kikuu cha upande wa Kahawa. Tulimwita Daktari. Alitaka kujua ni milimita ngapi zikinyesha mto wetu hujaa, ili watoto wa praimari wakatazwe kuvuka mapema. Alisoma daftari langu, akasimama kwenye Jumamosi ile.

"Cucu, yule nyanya wa hapo chini, anasema mto ulibeba mbuzi zake siku hii. Wewe umeandika sufuri."

"Cucu anapenda stori, Daktari."

Mwalimu akacheka. Daktari akafungua kalamu, akaanza kufuta maneno ya Cucu kwenye karatasi zake. Nikaona mkono wake ukienda.

"Daktari, wacha. Mvua ilinyesha. Niliimwaga."

"Ilikuwa ngapi?"

"Sikupima."

"Siku zingine zote ningeweza kukosa," Daktari akasema. "Hiyo ndiyo niliifuata huku."

Akanipa biro nyekundu nikate kila sufuri ambayo singeweza kuiapia. Nilikata hadi kengele ya lanchi. Mwalimu akachukua daftari. "Kijana, umestaafu."

Kwa vile hakuna anayejua kiasi cha siku ile, Daktari aliweka kipimo cha chini kabisa: mvua kidogo tu, watoto wasivuke. Sasa nikiwa kidato cha nne, kila msimu wa mvua naona watoto wakirudishwa kutoka mtoni maji yakiwa ya kifundo cha mguu, wanazunguka hadi barabara ya lami, viatu mkononi, wakimtukana mjinga aliyefanya kipimo kiwe hivyo. Wanatukana vizuri, hata mimi nimejifunza mapya. Nawahesabu tu wakipita, mpaka wa mwisho.