Zamu ya Nyanya Pale Mferejini

Mwezi uliopita nilirudi Mbotela, mtaa niliokulia. Sikuwa na shida yoyote huko; mimi ni mtu wa kuhamahama, na nikichoka na miji ya watu, miguu hunirudisha yenyewe. Nilikuwa kibandani nikisubiri mandazi, nikasikia vijana wawili wakimzungumzia mzee mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. "Hiyo ni karma, buda," mmoja akasema. "Huyo mzee alikuwa anatesa watu." Mwenzake akacheka. Chai ikanishinda.

Enzi zetu neno hilo halikuwepo mtaani, lakini fikira yenyewe ilikuwepo. Watu walisema, "Analipwa." Ndivyo walivyosema kuhusu mama yangu.

Tuliishi chumba kimoja, nyanya, mama na mimi, karibu na mfereji, bomba moja la maji lililohudumia safu nzima ya nyumba. Kama umekulia mitaa ile, unazikumbuka Jumamosi zake: mabeseni yakigongana, redio madirishani, harufu ya sabuni ya kipande ikichanganyika na ya omena inayokaangwa. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kusugua simenti na kuzibua mtaro kwa waya. Hakuna aliyekumbushwa. Kila mtu aliijua yake.

Mama alikuwa akifanya kazi hotelini, tauni, yaani katikati ya jiji. Alipoacha kazi akabaki nyumbani, amekonda, na vidonda mdomoni, watu walianza kunyamaza tukifika mferejini. Mama wa nyumba ya kona, ambaye ndiye alikuwa akinisuka nywele, aliwaambia wenzake kwamba nguo zetu zisifuliwe pale tena. Mungu hasahau, alisema, na raha zote za tauni huwa zina malipo.

Nyanya angeweza kufulia ndani, kimyakimya. Hakutaka. Alingoja Jumamosi, mfereji ukiwa umejaa watu, akayabeba mashuka yote ya mama na kuyafua katikati yao, polepole, akiimba wimbo wa kanisani kwa lugha ya kwao.

Shuka zito halikamuliwi na mtu mmoja. Desturi yetu ilikuwa kwamba yeyote aliye karibu anashika upande wa pili, hata kama jana mlitukanana. Nyanya akaunyoosha upande wa pili. Hakuna mkono uliokuja. Akasimama hapo, maji yakimchuruzikia miguuni, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Mwishowe nikashika mimi. Likaniponyoka, likaanguka kwenye tope, na mtu akacheka. Nyanya akaliokota, akalirudisha kwenye beseni, akalifua upya. Kisha akanipa tena ule upande.

"Shika," akasema. "Safari hii zungusha mkono."

Mama alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Jioni nyanya alipompelekea supu ya kichwa cha mbuzi aliyoitafuta mpaka Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, mama alilisukuma bakuli.

"Mama, ni kweli nalipwa?"

"Wewe ni mgonjwa," nyanya akamjibu. "Kuwa mgonjwa si makosa. Kunywa supu."

Akanywa.

Zamu yetu ilipofika, nilimwambia nyanya tuuache mtaro uzibe, maana maji machafu yangeingia kwanza nyumba ya kona. Nilikuwa na hasira za mtoto, na niliona ni haki kabisa. Nyanya akachukua waya. "Ule mdomo ni wake," akaniambia. "Zamu ni yangu." Akauzibua mpaka mlangoni pa yule mama.

Miaka mingi baadaye nilifanya kazi Kisumu, katika duka la vitambaa la bibi mmoja Mhindi aliyewasha taa ya mafuta mbele ya miungu yake kila asubuhi kabla ya kufungua. Siku moja nilimuuliza kama karma ndiyo ile adhabu ambayo watu huitaja. Akakunja uso. Alisema kwao karma ni tendo lenyewe, kile mkono wako unachofanya, na anayeitumia kupimia ugonjwa wa mwenzake tayari ametenda la kwake. Akaongeza neno jingine la kwao, dharma: lile lililo lako kulibeba, usifiwe au usisifiwe. Mengine aliyoniambia, ya maisha yaliyopita na yajayo, sikuyakubali. Nimelelewa kwenye mabenchi ya kanisa. Lakini hayo mawili niliyajua kabla hajamaliza kuyasema. Nilikuwa nimeyaona yakivaa leso na kushika waya wa mtaro.

Mama alifariki kabla ya mvua ndefu. Dawa za ugonjwa wake zilikuja baadaye, na leo watu wanazimeza na kwenda kazini. Mfereji ule haupo. Kila ploti ina tangi lake lenye kufuli, na mtaro ukiziba watu wanaruka maji na kuendelea na safari. Zamu zilikufa pamoja na wale waliozijua.

Wazee wachache waliobaki hunishika mkono kwa huruma na kusema mama yako, maskini, alilipia ujana wake. Siinamishi kichwa. Nawaambia mama yangu aliugua, akafa kwa ugonjwa, na mashuka yake yalikuwa safi.