Koti la Vitalis

Ukizunguka soko la Mchikichini ukakosa nguo ya kukutosha, basi tatizo ni wewe, si soko. Nguo zimening'inia juu na chini, na upepo ukipita zinatikisika kama watu wanaotaka kukusalimia. Kona ya makoti ndiko anakouzia Candida, mwanamke wa Masasi, Mkatoliki wa kila Jumapili, mwenye mkono mwepesi wa kukunja. Mpe shati lililokunjamana litokalo ndani ya belo la mitumba, atalikunja huku anakusimulia habari nyingine kabisa, wala hatalitazama.

Unauliza nani ananunua makoti katika joto la Dar? Wengi tu. Kuna wasafiri wa Makambako kwenye baridi, kuna mabwana harusi, na kuna wale ambao ni heri waloe jasho kuliko kusimama na shati tupu mbele ya padri.

Chini ya meza ya Candida ulikaa mfuko mmoja wa salfeti ambao haukuwa wa kuuza. Ndani yake mlikuwa na koti la kahawia la marehemu mumewe, Vitalis, aliyekuwa mbeba mizigo bandarini. Lilitoka kwenye belo la kwanza kabisa ambalo Candida alilifungua kwa mikono yake. Kifungo cha kati kilikatika siku ya harusi yao, asubuhi, naye akakishona kwa uzi wa buluu kwa sababu ndio uliokuwepo. Vitalis alicheka mpaka akachelewa kanisani.

Walipata mimba moja tu, ikaharibika ikiwa na miezi saba. Kisha, miaka miwili iliyopita, figo za Vitalis zikagoma, akaenda. Baada ya arobaini ndugu walikaa mkekani kugawana nguo za marehemu, kama ilivyo desturi. Candida alitoa suruali, viatu, hata mkanda. Koti akalificha. Mimi simhukumu, lakini wazee hawakuwa wajinga walipoweka desturi ile. Nguo zinagawiwa ili aliyebaki asije akakaa na kivuli chumbani, na Candida alikitaka kivuli chenyewe. Kila asubuhi alilibeba koti kutoka chumbani kwake Ilala hadi mezani, jioni akarudi nalo. Akizidiwa aliinama, akaingiza uso ndani ya mfuko. Wateja walidhani anatafuta chenji.

Na jambo moja hakumwambia hata padri. Kanisani, watu wakisali Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, yeye alisali nao vizuri mpaka ilipofika habari ya ufufuko wa wafu. Hapo sauti ilimkatika. Midomo ilicheza tu.

Jumamosi Kuu mwaka huu alikwenda kuungama, meza akamwachia Zamzam, jirani yake mwuza magauni, mtoto wa Lindi mwenye roho nyeupe. Mstari wa waungamaji ulikuwa mrefu na mvua ya masika ilinyesha. Huku sokoni watu walifurika kutafuta nguo za sikukuu, na ilipofika saa ya kumwaga, ile saa ambayo mzigo wote hutupwa mezani kwa bei moja, Zamzam alimwaga. Alimwaga na mfuko wa salfeti. Kwa mtu wa mtumba, mfuko uliojaa chini ya meza mkesha wa sikukuu ni uvivu mtupu, na yeye hakutaka shoga yake aonekane mvivu.

"Da Candida, leo nimekuuzia mpaka za mvunguni!" alimpokea kwa vigelegele.

Candida alitazama chini ya meza. Mfuko ulikuwa mtupu. "Zamzam, koti la kahawia. Amelichukua nani?"

"Kijana mmoja hivi. Alilijaribu hapa hapa, likamkaa. Kwani vipi?"

"Lilikuwa la Vitalis."

Zamzam alishika kichwa. "Wallahi sikujua, dada yangu. Wallahi."

Candida alikuwa ameshageuka. Aliingia mvuani. Alipita Kariakoo mtaa kwa mtaa akitazama migongo ya watu, na migongo ni mingi Kariakoo. Mvua ilififisha kila kitu, mabango, mikokoteni, sura. Alipofika Mnazi Mmoja akaliona. Koti la kahawia, mabega yale yale, mwendo ule ule wa mtu asiye na haraka. Akapaza sauti.

"Vitalis!"

Mwenye koti akageuka, na mwavuli wake. Alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani yenye ukungu, na koti lake halikuwa hata lenyewe.

"Unatafuta mtu, binti?"

"Shikamoo, mzee. Nimekufananisha."

"Marahaba. Nenda nyumbani, unalowa."

Alirudi mezani akajilaza juu ya nguo zilizosalia, na usingizi ukamchukua kabla hata ya kulia. Akamwona Vitalis anakuja katikati ya nguo zinazoning'inia, anazisogeza kwa mkono kama mapazia. Kifua wazi.

"Utapata baridi," Candida alimwambia.

"Mimi?" Vitalis akacheka kicheko cha siku ile ya harusi, akapita. Candida alizinduka, akakuta Zamzam ameketi kando yake, amemfunika kanga.

Asubuhi ya Pasaka alikaa kanisani safu ya tatu. Padri akasoma Injili ya Yohana, habari za kaburi tupu. Candida alikuwa ameisikia tangu utotoni, lakini leo, labda kwa uchovu, aliingia nayo kaburini. Akaona sanda zimelala. Akaona ile leso ya kichwani imekunjwa, imewekwa peke yake. Miaka yote hiyo mwuza nguo hakuiona nguo! Aliyefufuka hakutoka amejizongazonga, wala hakurudi kuifuata. Alikuwa ameiacha, kwa kuwa haikumfaa tena kitu.

Alipoinua macho, koti lilikuwa mbele yake.

Lilikuwa limevaliwa na kijana aliyesimama penye kisima cha ubatizo, pembeni yake mke, na yeye mwenyewe amepakata kichanga. Candida hakusikia tena mahubiri. Alipanga maneno: atampa makoti mawili, matatu, achague mwenyewe. Misa ilipokwisha akamsubiri mlangoni.

"Shikamoo, mama," kijana alimsalimu, maana alimwona anamkazia macho.

"Marahaba. Koti hili…"

"Nimelipata jana, Mchikichini." Alijitazama kwa haya. "Mimi nasukuma mkokoteni, mama, sina nguo za maana. Nikasema leo mwanangu anabatizwa, na mimi nionekane baba."

Kichanga kilikuwa kimekamata kifungo cha kati, kile cha uzi wa buluu, kimekishika kwa ngumi yake yote. Candida aliitazama ile ngumi ndogo. Ilimuuma, tena sana. Kisha akanyoosha mkono, akamlazia kijana kola.

"Kifungo hicho kinalegea," alisema. "Kesho niletee nikikaze. Ulizia Candida, kona ya makoti."

Zamzam alikuwa anamngoja Ilala, mlangoni pa chumba cha Candida, na sufuria la pilau, macho yamemvimba.

"Umelipata?"

"Nimeliona. Limekwenda kubatiza mtoto."

Wakaingia ndani. Candida alitoa ule mfuko mtupu wa salfeti aliorudi nao kutoka sokoni, akaukunja mara nne bila kuutazama, akauweka dirishani, peke yake. Halafu akaanza Nasadiki tangu mwanzo, taratibu, mpaka neno la mwisho. Zamzam, asiyeijua, alishikilia sufuria akamngoja amalize.